Yai Mbele ya Ukuta Mwekundu

Salaam aleikum, vijana wangu. Na wale ambao kwenu salamu ni habari, basi habari zenu pia. Mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi ya picha za kompyuta miaka yote ile, mkitarajia, nadhani, niwatolee siri za ufundi. Siri ninayo moja tu: mimi ni mwoga. Nilianza kazi nikiwa mwoga, nimestaafu nikiwa mwoga zaidi, na karibu kila ninachokijua kuhusu mwanga nilikijua kwa sababu kuna kitu nilikiogopa. Mkiniona nimeketi nyuma yenu pale kwenye chumba cha kompyuta, miwani moja machoni na nyingine kichwani, nikiguna, msidhani nawadharau. Naogopa tu.

Najua hamniamini. Juzi mmoja wenu aliniita bibi kwa Kisomali chetu, nione sebule aliyoichora. "Ayeyo, kuja ucheki hii. Imeiva, ama?" Na kweli ilikuwa imeiva. Jua lilipita dirishani likaangukia zulia jekundu, na wekundu wa zulia ukapanda ukutani polepole hadi kwenye dari. Wenzake wakampigia makofi. Mimi nikasingizia kwamba nawahi swala, nikatoka. Kijana wa watu alifikiri picha yake imenichukiza. Haikunichukiza, mwanangu. Ilinikumbusha Korbesa.

Lakini kabla ya Korbesa niwaeleze kazi yenyewe, maana kuna watakaosoma hapa na hawajawahi kugusa programu hizi.

Jua likiingia chumbani na kupiga sakafu, haliishii pale. Linadunda. Likidunda linachukua kidogo rangi ya kile lilichokigusa, linaenda ukutani, linadunda tena, linapanda darini, linashuka chini ya meza. Ndiyo maana mchana unaweza kuona sandali yako chini ya kitanda ingawa jua halijawahi kufika huko. Sehemu kubwa ya unachokiona ndani ya nyumba unakiona kwa mwanga ambao umeshagusa kitu kingine kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuifundisha kompyuta kufuata huo mwanga wa kudunda, ili mtu aone jengo lake kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Aliyenifundisha ni Bwana Wekesa, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa fundi mkuu katika ofisi ndogo niliyoajiriwa Nairobi nilipotoka nyumbani Isiolo. Kwetu sisi watu wa malori. Babu yetu aliletwa huku akiwa askari wa Mwingereza, na watoto wake wote wakashika usukani. Mimi niliyeshika kompyuta nilihesabiwa nimepotea. Bwana Wekesa hakunipa kitabu wala darasa. Siku ya kwanza alitoa yai la kuchemsha mfukoni, akaliweka juu ya faili jekundu mezani, karibu na dirisha.

"Angalia chini ya yai. Unaona nini?"

"Yai," nikasema.

"Angalia tena."

Nikainama. Tumbo la yai, ule upande uliotazama faili, lilikuwa jekundu. Akalihamisha juu ya kitambaa cha kijani, likawa kijani. Akaliweka juu ya karatasi nyeupe, likawa yai.

"Kila chumba utakachotengeneza," akasema, "weka yai ndani. Macho ya binadamu yanazoea. Ukikaa kwenye chumba chekundu kitambo kidogo tu, utaona kila kitu ni cha kawaida. Yai halizoei." Kisha akalimenya akalila, maana ilikuwa saa ya chakula.

Tangu siku ile nilijizoeza kuweka yai katika kila chumba. Nililiweka juu ya meza, juu ya kitanda, kwenye mimbari, nikilifuta kabla ya kumpelekea mteja. Mara moja nilisahau kulifuta kwenye picha ya ofisi ya mheshimiwa mmoja, akapiga simu kuuliza kama tunamdokezea kitu. Na mara moja nilisahau kuliweka. Huo ulikuwa ukumbi wa harusi wenye zulia la kijani kibichi. Mteja alitaka aone bibi harusi amesimama katikati, basi nikamsimamisha, gauni jeupe mpaka chini. Nilikuwa nimeitazama picha ile siku nzima, macho yameshazoea, nikaituma. Mama wa bibi harusi alitazama kidogo akauliza, "Huyu msichana ameota ukungu?" Gauni lote kuanzia magotini lilikuwa rangi ya sukuma wiki.

Mnacheka. Mimi pia nilicheka, baadaye. Lakini nilibaki na hofu fulani: kwamba macho yangu mwenyewe yanaweza kukaa mbele ya uongo siku nzima na yasiseme neno.

Nyinyi mmekuta mambo mepesi. Sisi tulipoanza, programu zilijua jua tu; likishagusa sakafu, limekufa. Chini ya meza palikuwa peusi kabisa. Kwa hiyo tulidanganya. Tulificha vitaa vidogo nyuma ya makochi na chini ya vitanda, mwanga hafifu, ili ionekane kana kwamba sakafu ndiyo inayorudisha. Bwana Wekesa alikuwa bingwa wa vitaa hivyo. Mimi nilikuwa bingwa wa kuvisahau. Kuna hoteli moja niliyoiachia kitaa kikali mno chini ya kitanda, mwenyewe akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa kama naona jini kwenye jengo lake. Mjini kwetu hilo si swali la mzaha. Nilijibu hapana, lakini sikutaka kuifungua picha ile tena.

Baadaye zikaja programu za kukata kuta vipande vipande, kila kipande kikiwagawia wenzake mwanga. Tuliziachia zipige hesabu, tukaenda swala ya Ijumaa, tukala, tukarudi, na nusu ya ukuta bado. Kisha zikaja hizi mnazotumia, za kurusha miale kutoka kwenye jicho la kamera na kuiacha idunde ovyo mpaka ikutane na taa au jua. Miale ikiwa michache picha hujaa chenga, kama televisheni iliyopoteza stesheni. Siku hizi kuna kisafishaji cha kufuta chenga, na nyote mnakipenda. Nisikilizeni hapa: kile kisafishaji hakijui kilichokuwa chini ya chenga. Kinakisia. Ukiwa unauza sofa, acha kikisie. Ukiwa unatengeneza chumba ambamo mtu ataangaliwa kama ni mzima, kizime, urushe miale mingi, na usubiri.

Jingine: msiupe ukuta weupe kamili. Naona mnapenda kuvuta kile kidude mpaka mwisho. Ukuta mweupe kamili haumezi chochote, mwanga unadunda bila kuchoka mpaka chumba kionekane kimejaa maziwa. Hata chokaa mpya inakula kidogo. Na chokaa ya kwetu, kwa vumbi hili, inabadilika kila msimu. Nendeni mkaupige picha ukuta wenyewe, ulipo, siku ileile.

Haya. Korbesa.

Binti yangu Rukia aliolewa huko, upande wa Merti, na kijana wa Kiborana anayeitwa Guyo, mfugaji na dereva. Nilikuwa nimeshastaafu na kurudi Isiolo, nimepanga nyumba Chechelesi, nikidhani nimemaliza habari za kuta. Watu wa Korbesa wakawa wanajenga chumba cha kujifungulia karibu na dispensari yao, na Rukia akawaambia mama yake anajua kupima mwanga kwa kompyuta. Umeme wa kutegemea hawakuwa nao. Walitaka mchana chumba kiwe na mwanga wa kutosha, lakini wanawake walikuwa na sharti: mtu yeyote akipita nje, asimwone mzazi. Kwa hiyo dirisha moja kubwa upande wa kaskazini, na mbele ya dirisha, hatua kadhaa nje, ukuta wa stara. Jua lisiingie lenyewe. Lipite juu ya paa, lipige ule ukuta, lidunde, liingie ndani.

Kazi ya namna hiyo nilikuwa sijapata. Chumba kizima kingeishi kwa mwanga wa kudunda. Niliupa ule ukuta rangi ya chokaa, nikaweka yai kitandani, nikajaribu miezi yote ya mwaka. Yai lilitoka safi. Nikawatumia vipimo na nikaandika kwa herufi kubwa kwamba ukuta wa stara upakwe chokaa.

Wakajenga vizuri. Kisha Rukia akanitumia picha kwa simu, na ukuta wa stara ulikuwa mwekundu. Wameusiliba kwa udongo mwekundu, laini, umepambwa kwa vidole, kazi nzuri sana ya mikono.

Nikampigia. Akanieleza kwamba aliyekataa chokaa ni Akko Tume, bibi yake Guyo. Akko ndiyo bibi kwa Kiborana, na huyu alikuwa bibi wa kijiji kizima. Hakuna mtoto aliyezaliwa pale bila yeye kuwepo. Niliomba apewe simu.

"Mama Rukia, nagaa? Kompyuta yako iko salama?"

"Salama, Akko. Ule ukuta..."

"Nyeupe ni ya sanda. Mtoto akifungua macho, kitu ya kwanza aone ni rangi ya sanda? Hapana. Mimi nimezika wajukuu. Wewe umezika wangapi?"

Akko mwenyewe alitembea na sanda yake popote alipokwenda, kwenye mfuko wa kitambaa aliouning'iniza begani. Jamaa alimletea kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya zamzam. Aliogopa kufia ugenini na kuvishwa nguo ya watu. Mtu anayebeba weupe wake mwenyewe begani hutamwambia kitu kuhusu weupe.

Nikarudi kwenye kompyuta. Nilibadilisha rangi ya ukuta, nikaweka ule udongo kama ulivyo kwenye picha. Miezi ya katikati ya mwaka, walipokuwa wanajenga, jua liko kaskazini, uso wa ukuta unaotazama dirisha uko kivulini, na chumba hupata mwanga wa anga tu. Yai lilitoka sawa. Ndiyo maana hakuna aliyeona tatizo. Nikasogeza mwezi hadi Novemba, jua lipo kusini, linapita juu ya paa na kuupiga ukuta wote. Chumba kikawaka. Kilikuwa kizuri, wallahi, kizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kuuza. Na yai lilikuwa jekundu, si tumbo tu, lote.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho natamani nisingekifanya, kwa sababu hakikuniacha tena. Niliondoa yai, nikaweka mwanasesere wa mtoto mchanga. Nikampaka midomo rangi ya samawati ya majivu, rangi ya mtoto anayekosa hewa. Nikazima kisafishaji, nikaiacha kompyuta ihesabu miale yake. Picha ilipokamilika mtoto alikuwa na midomo ya waridi. Alionekana ameshiba na amelala.

Rukia wakati ule alikuwa mjamzito.

Nikampigia Sista Makena, muuguzi wa pale, mwanamke wa Kimeru, mchapakazi. Hakunicheka. "Nimekuelewa, Mama Rukia," akasema. "Mimi sijaona hivyo bado, lakini sijaanza kuzalisha hapo Novemba. Wacha niongee na wamama. Chokaa tutapaka tu, pole pole, nisigombane na Akko." Niliamua kwamba Rukia atakuja kujifungua kwangu Isiolo, kama ilivyo desturi mtoto wa kwanza azaliwe kwa mama, na ukuta ule hautanihusu. Novemba ilipoingia nikapanda gari kwenda kumchukua. Mfukoni nilikuwa na mayai ya kuchemsha.

Niliyemkuta kwanza ni Akko, mfuko begani. Wazee wa Kiborana mayai hawali, wanaona ni uchafu wa ndege. Aliniona nikiweka yai kwenye kizingiti cha dirisha la chumba kile, akawaita wenzake. "Njooni muone mama ya mjini! Anatembea na mayai, anapea dirisha ikule!" Walicheka mpaka wakashikana. Lakini Sista Makena aliinama akalitazama lile yai kwa muda, jua likiwa juu ya paa, na uso wake ukabadilika. "Kesho tunapaka," akaniambia kwa sauti ya chini.

Kupaka hatukuwahi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, laga, ule mto wa mchanga usio na maji siku zote, ikajaa, njia ya kurudi Isiolo ikakatika. Na Rukia, kabla ya wakati wake, akashikwa na uchungu.

Nataka mnielewe. Wanawake wamezaa mbele yangu kabla ya siku ile na baada yake. Hofu ya uzazi naijua. Ile haikuwa hofu ya uzazi. Nilikuwa naingia ndani ya picha yangu mwenyewe, ileile, dirisha lilelile, saa ileile ya adhuhuri. Kila pembe ya chumba nilikuwa nimeshaiona. Kitanda kilikuwa pale nilipomlaza mwanasesere.

Sista Makena alimtuma Guyo na simu yake apande mlimani kutafuta mtandao aite msaada wa Merti. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Tukabaki wanne: Rukia, Sista, Akko na mimi. Jua likapanda juu ya paa na chumba kikawaka vilevile.

Mtoto alitoka, msichana, akalia kidogo. Akko akampokea, akamfunika, akaanza kumsomea dua. Rukia alikuwa anatoka damu nyingi, na Sista alikuwa na mikono yote miwili kazini kwake, akimkanda tumbo na kuongea naye asilale. Mtoto akanyamaza.

"Amenyamaza," nikasema.

"Amelala," akasema Akko. "Ona midomo. Nyekundu kama ya mama yake."

Sista akageuza shingo mara moja. "Rangi iko sawa, Mama Rukia. Nipe dakika."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa mzuri. Midomo ya waridi, mashavu ya waridi. Macho yangu yote mawili yaliniambia ni mzima, na mimi nilitamani sana kuyaamini. Kisha nikatazama kizingiti cha dirisha. Yai lilikuwa bado pale tangu jana, na lilikuwa jekundu.

"Akko, nipe mtoto nimtoe nje."

"Kwa upepo? Damu hata haijakauka? Hutoi."

"Basi nipe sanda."

Akakumbatia mtoto kwa mkono mmoja na mfuko kwa mwingine. "Unasema nini?"

"Nipe sanda niitundike kwenye ukuta. Hapa ndani kila mtoto ana midomo nyekundu. Hata aliyekufa."

"Sanda mbele ya mtoto! Unamwitia kifo, wewe mwanamke!"

"Akko, nakuogopa wewe, naogopa sanda, naogopa kila kitu," nikamwambia, na nilikuwa nalia. "Lakini kama kifo kimeshaingia humu, hatukioni. Ukuta wako umekificha."

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Alimlaza mtoto pembeni mwa mama yake, akatoka nje mwenyewe na mfuko wake. Hakunipa mimi. Nilimwona kupitia dirishani akiikunjua ile sanda mbele ya ukuta, upepo ukaipeperusha ukaibeba, akaishika tena, akainua mikono yake juu na kuibana kwenye udongo kwa viganja vyake na kwa kifua chake, akatandaza kadiri alivyoweza.

Chumba kikabadilika. Kila kitu kikapoa. Shuka likawa shuka, yai likawa yai. Nikageuka nikamtazama mjukuu wangu, na midomo yake ilikuwa rangi niliyompaka mwanasesere.

"Sista!"

Sista Makena alitazama mara moja tu. "Kuja hapa. Weka mkono hapa kwa tumbo, sukuma, usiwache." Nikashika pale alipokuwa ameshika, na yeye akamnyakua mtoto. Alimvuta uchafu puani na kinywani kwa pampu ndogo ya mpira, akamsugua mgongo, akamwekea usoni kifuniko chenye mfuko wa kumpulizia hewa, akawa anabana ule mfuko, anabana, anasikiliza, anabana. Nilikuwa nakanda tumbo la binti yangu na kumtazama mtoto wake, nikihofia nikipepesa macho rangi ile itahamia kwingine. Rukia akauliza, "Hooyo, mama, mbona halii?" Nikazidi kukanda. Nje Akko naye akaanza kuuliza, kwa sababu kutoka pale alipobana sanda, uso ukiwa ukutani, hakuweza kuona kitu. "Amelia? Nyinyi huko ndani! Amelia?"

Akauliza tena. Sauti yake ilikuwa imepungua, na akaacha Kiswahili, akawa anamwomba Mungu kwa Kiborana.

Kisha mtoto akakohoa. Akakohoa tena, akalia, kilio kibaya cha hasira, na mbele ya macho yangu midomo ikaanza kugeuka, kutoka katikati kwenda pembeni. Waridi ya kweli. Ukiiona mara moja hutaifananisha na nyingine.

"Akko, amelia!" nikapiga kelele. "Teremsha mikono!"

Hakuteremsha. Alisema kama sanda imesaidia, basi ikae mpaka jua lihame, na akakaa nayo vile, mikono juu, akikataa hata maji. Sista alimaliza kazi yake kwa Rukia kwa mwanga ule. Damu ilikoma. Gari la Merti lilipofika baadaye kwa njia ya kuzunguka, lilimkuta Rukia na mtoto wamelala, na mimi nimekaa chini nimeshika yai.

Akko aliingia jua lilipohama. Sanda ilikuwa na alama ya udongo mwekundu pale alipoibana kwa kifua na viganja. Nilidhani ataikunja airudishe mfukoni. Aliirarua kwa meno, upande ule uliokuwa safi, akamvisha mtoto.

"Akko," nikasema, "sasa wewe utazikwa na nini?"

"Na kitu itapatikana. Malaika ya kaburi wanauliza matendo, hawaulizi nguo." Kisha akanitazama vibaya. "Na hiyo yai yako tupa. Inanuka."

Asubuhi yake alikuwa wa kwanza ukutani na ndoo ya chokaa. Wenzake walimtania, akawarushia brashi. Alipaka peke yake mpaka mwisho, na yale mapambo ya vidole yakafunikwa yote. Ameshatutoka sasa, Mungu amrehemu. Alifia nyumbani kwake, hakufia ugenini.

Kwa hiyo mkinionyesha chumba chenye wekundu mzuri, mniwie radhi. Sitasema ni kibaya. Nitawauliza tu ukuta huo ni rangi gani leo, na mmeuona kwa macho yenu lini, na yai liko wapi. Kila Novemba nampigia simu Sista Makena kumuuliza kama chokaa imechujuka. Anajibu "bado, Mama Rukia" kabla sijasalimia. Na bado siku nyingine nikifumba macho namwona yule mwanasesere, ameshiba, amelala.

Mtoto mnamjua. Ni Safia, yule anayekuja likizo na kuwachezea panya za kompyuta. Kila akifika kwangu, kabla ya salamu, humshika mkono nikamvuta hadi mlangoni kwenye mwanga wa anga, nikatazama midomo yake. Sikuwahi kumweleza kwa nini. Mara ya mwisho alinikuta nimelala, nina homa, mapazia ya rangi ya chungwa yamefungwa. Sikumsikia akiingia. Nilihisi tu mkono mdogo unanivuta kutoka kitandani, unanipeleka mlangoni. Akanisimamisha pale, akanishika kidevu, akanikagua midomo bila haraka.

Alikuwa anafikiri hivyo ndivyo sisi tunavyosalimiana.

"Uko sawa, Ayeyo," akasema. "Salaam aleikum."